Picha Isiyo na Uso

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Liko swali ambalo vijana wetu waliosoma huwauliza wazee wao, na mara nyingi hujibiwa kwa ukali pasi na kujibiwa kwa hoja. Swali lenyewe ni hili: jambo likiwa ni la kweli, je, kulionyesha kwaweza kuwa kosa? Mtu akichora kitu kilichoumbwa na Mungu, vile vile kilivyo, asiongeze wala asipunguze, amemdhulumu nani? Swali hili si la kipuuzi, wala haifai kulizima kwa makelele. Mwenye haki haogopi kuulizwa, na dini yetu haikuletwa kwa watu wasiofikiri.

Tumeona tulichunguze kwa mfano mmoja, kwa kuwa ndani yake hoja zote zimekutana. Nao ni picha ya mchoraji Mfaransa Gustave Courbet, aliyoichora mwaka 1866, iitwayo kwa lugha yao *L'Origine du monde*, yaani Asili ya Ulimwengu. Ni picha ndogo ya rangi za mafuta, kiasi cha sentimita 46 kwa 55. Ndani yake mna kiwiliwili cha mwanamke aliyelala bila nguo, tokea kifuani hata mapajani. Kichwa hakimo, mikono haimo, wala miguu haikutimia. Hatutaeleza zaidi ya hapo, kwani hayo yamtosha mwenye kufahamu.

Kabla ya kuhukumu yatupasa kwanza kuisikiliza hoja ya mwenyewe, kwani kadhi asikiaye upande mmoja si kadhi. Courbet alizaliwa mwaka 1819 katika mji mdogo wa Ornans, mashariki ya Ufaransa. Katika ujana wake picha zilizotukuzwa mjini Paris zilikuwa za miungu ya Wayunani, za wafalme na za vita. Yeye alikataa. Alisema kuwa kazi ya mchoraji ni kuchora vitu vilivyoko, vinavyoonekana, si vya kuwaziwa. Mwaka 1855, baadhi ya picha zake zilipokataliwa katika maonyesho makubwa ya Paris, alijenga banda lake mwenyewe karibu na hapo, akaonyesha kazi zake chini ya jina la njia yake, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita uhalisi.

Wala uhalisi huo haukuwa mchezo. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amechora mazishi ya mtu wa kawaida katika mji wake wa Ornans, juu ya kitambaa chenye upana wa zaidi ya mita sita, na watu zaidi ya 40 wenye kimo chao cha kweli. Watu wa mji wenyewe ndio waliosimama mbele yake wakachorwa. Wakuu wa Paris walichukizwa: vipi watu wa shamba wapewe ukubwa ambao desturi iliuweka kwa wafalme na mashujaa? Katika jambo hili sisi twamuunga mkono Courbet, kwani mkulima naye ni mwana wa Adamu, na jeneza lake lina uzito ule ule wa jeneza la sultani.

Tena wanauhalisi walikuwa na haki katika neno jingine. Mwaka 1863 mchoraji Alexandre Cabanel alionyesha picha ya mwanamke aliye uchi, amejilaza juu ya mawimbi ya bahari. Mfalme Napoleon wa Tatu aliipenda akainunua. Hapakuwa na aibu, kwa kuwa mwanamke huyo aliitwa Venus, na Venus ni mungu wa hadithi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1865, Édouard Manet akaonyesha picha yake iitwayo *Olympia*. Huyu naye alikuwa uchi, lakini alikuwa mwanamke wa Paris wa siku zile zile, amelala kitandani, na nyuma yake mtumishi mweusi amemletea shada la maua. Watu walighadhibika hata ikabidi picha iwekewe walinzi, kisha ikahamishwa juu kabisa ya mlango. Uchi haukuwa ndio sababu, kwani uchi ulijaa katika kuta zile zile. Sababu ni kuwa mwanamke wa Manet alikuwa na uso, na uso ule ulimkazia macho mtazamaji kana kwamba unamwuliza: wewe nawe umekuja kutafuta nini? Aliyekaa kuchorwa alikuwa Victorine Meurent, naye mwenyewe alikuwa mchoraji. Na yule mtumishi jina lake ni Laure.

Basi wanaoitetea picha ya Courbet husema mambo matatu. Husema kwanza: Courbet ameondoa unafiki, kwani waliokuwa wakitazama uchi kwa kisingizio cha Venus amewaonyesha jambo lenyewe. Husema pili: daktari na mkunga huyatazama hayo hayo, wala hapana awalaumuye. Na husema tatu: huko ndiko tulikotoka sote, wafalme na maskini, mitume na watu wao, basi yawaje mtu aone aibu kwa mlango alioingilia duniani?

Hizi ni hoja, na kila moja ina sehemu yake ya haki. Lakini kabla ya kuzijibu hapana budi kuuliza jambo ambalo wengi hulipita: picha hii ilichorwa kwa ajili ya nani?

Huenda msomaji akastaajabu. Aliyeiagiza picha hii hakuwa Mfaransa wala Mkristo. Alikuwa Muislamu, balozi wa dola ya Uthmaniya, jina lake Khalil Bey, aliyezaliwa Misri mwaka 1831, akasomeshwa Paris, akaiwakilisha dola yake Athens na St Petersburg, na baadaye akawa waziri wake wa mambo ya nje. Alipokuwa Paris alikusanya picha nyingi za thamani, na alikuwa mtu wa kamari. Mwaka 1868 kamari ikamfikisha mahali pa kuzinadi picha zake. Twalitaja jambo hili makusudi, kwa kuwa katika mji wetu imekuwa desturi kila ovu kulitupia Ulaya, kana kwamba sisi tu malaika walioharibiwa na wageni. Mkono uliochora ulikuwa wa Ulaya. Fedha iliyolipa, na jicho lililotaka kuona, vilikuwa vya mtu wetu.

Maxime Du Camp, mwandishi wa Kifaransa wa zama hizo, ameeleza kuwa Khalil Bey aliiweka picha hiyo katika chumba chake cha kuvalia, nyuma ya pazia la kijani. Akitaka kuitazama, au kumwonyesha mgeni wake, hulifungua pazia. Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu aweza kusema: basi huyo bwana alikuwa na haya, kwani aliisitiri. Sisi twasema: la. Sitara huwekwa kwa ajili ya yule anayesitiriwa. Nguo ni ya mwenye mwili, na ukuta ni wa wenye nyumba. Pazia la Khalil Bey halikumsitiri yule mwanamke hata kidogo. Lilimsitiri Khalil Bey. Lilimlinda yeye na maneno ya watu, na lilimpa raha ya kuwa peke yake mwenye ufunguo. Hiyo si haya. Ni khofu ya kuonekana, na khofu ya kuonekana hata mwizi anayo.

Na baada yake ikawa vivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1889 mwandishi Edmond de Goncourt alionyeshwa picha hii kwa mfanya biashara wa Paris, nayo imefungwa kwa kufuli nyuma ya picha nyingine yenye mandhari ya theluji. Baadaye ikaenda Hungaria kwa tajiri Ferenc Hatvany. Mwaka 1955 akainunua Jacques Lacan, mtaalamu mashuhuri wa mambo ya nafsi, mtu aliyetumia umri wake kufundisha watu yaliyofichika nyoyoni. Yeye naye akamwomba mchoraji André Masson amtengenezee kifuniko cha ubao uliochorwa, wa kusukumwa kando. Mpaka mwaka 1988 ndipo picha ilipoonyeshwa hadharani Brooklyn, Marekani, na mwaka 1995 ikaingia katika nyumba ya makumbusho ya Orsay mjini Paris. Tazama basi: balozi, mfanya biashara na mwanachuoni, watu wa nchi mbali mbali na itikadi mbali mbali, kila mmoja aliweka kifuniko chake. Lau picha hii ingalikuwa ni ukweli mtupu usio na dhulma, kama wasemavyo wanaoitetea, kwa nini wenyewe walioipenda hawakuweza kuitundika sebuleni?

Sasa tuje kwenye hukumu. Hatutaki kuingia hapa katika khitilafu ya wanazuoni juu ya taswira. Yajulikana kuwa Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1899 hata alipofariki mwaka 1905, baada ya kuzuru Sicily aliandika kuwasifu watu wa huko kwa kuzihifadhi picha za kale, akazifananisha na mashairi, na akaona kuwa sharia haielekei kukataza njia bora ya elimu pale ambapo hapana khofu ya ibada ya masanamu. Kwa hiyo hatusemi kuwa kosa la Courbet ni kuchora. Maneno yetu ni juu ya kutazama.

Waswahili husema: macho hayana pazia. Maana yake ni kuwa jicho huona kila kilichoko mbele yake, halina mlango wa kulizuia. Lakini tafakari: kwa kuwa macho hayana pazia, ndiyo sababu tumeamrishwa kuyawekea pazia sisi wenyewe. Katika Sura ya An-Nur amri ya kuinamisha macho imewajia wanaume kwanza, katika aya ya 30, kisha wanawake katika aya ya 31. Na kabla ya hapo, katika sura hiyo hiyo, imekuja amri ya kutoingia nyumba za watu bila ya kuomba ruhusa. Mpango huu una hekima yake. Imepokewa kuwa mtu mmoja alichungulia katika tundu ya mlango wa Mtume (s.a.w.), naye akamkemea kwa ukali, akabainisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Basi kutazama ni namna ya kuingia. Mwenye kuchungulia amekwisha kuingia ingawa miguu yake iko nje.

Na sisi watu wa pwani twaijua hodi vizuri kuliko watu wengi. Mtu hubisha, kisha husubiri. Akijibiwa karibu, huingia; asipojibiwa mara ya tatu, hurudi zake. Hodi haina maana isipokuwa pana wa kuijibu. Sasa itazame picha ya Courbet kwa kipimo hicho. Mwanamke huyu hana kichwa. Hana macho ya kumwona anayekuja, wala mdomo wa kusema karibu au kusema rudi. Mchoraji amejenga nyumba yenye mlango wazi na akamwondoa mwenye nyumba. Nasi twasema: upungufu mkubwa wa picha hii si nguo, ni uso. Nguo yaweza kuvuliwa kwa haki, kama mke kwa mumewe na mgonjwa kwa daktari wake. Uso haukatwi kwa haki abadan.

Kwa kipimo hicho hicho zile hoja tatu zajibika. Daktari na mkunga hutazama kwa dharura, kwa idhini ya mwenye mwili, mlango umefungwa, na wakitazama humwita mgonjwa kwa jina lake, humwuliza: waumwa wapi? Kinyume cha picha hii, kwao mwili haukutengwa na mtu wake. Ama kusema kuwa huko ndiko asili yetu, ni kweli, na dini yetu imeupa uzazi heshima kubwa. Mwanzo wa Sura ya An-Nisaa umeutaja ucha Mungu na undugu wa tumbo pamoja. Lakini asili ya mtu ni mama yake, na mama ana uso. Mtoto akizaliwa hutafuta uso. Anayetaka kuutukuza uzazi kisha akamkata kichwa mzazi, ametukuza nini? Ama hoja ya kuondoa unafiki, twamkubalia Courbet kuwa Venus wa Cabanel alikuwa kisingizio. Lakini kuondoa kisingizio si kuondoa kosa. Mtu akiiba usiku kwa siri, kisha akaja kuiba mchana kweupe, hatusemi ametubu.

Na zaidi ya hayo, Courbet ashindwa hata kwa sharia yake mwenyewe. Utukufu wa picha ya mazishi ya Ornans ni kuwa kila mtu ndani yake alikuwa mtu, mwenye uso wake na huzuni yake. Aliwapa nyuso watu ambao desturi iliwanyima. Kisha, mbele ya mwanamke mmoja na mbele ya fedha ya balozi, akafanya kinyume. Uhalisi maana yake ni kukionyesha kitu kama kilivyo, na mwanamke hakuumbwa bila kichwa. Picha hii haikuzidi katika ukweli, imepunguza. Manet, aliyempa Olympia macho ya kumkabili mtazamaji, alikuwa mkweli kuliko yeye.

Twajua kuwa wanaoandika historia ya sanaa huihesabu picha hii miongoni mwa milango ya sanaa ya kisasa, nasi hatuna haja ya kulikanusha hilo. Athari yake ipo. Mwaka 1969, katika nyumba ya makumbusho ya Philadelphia, ilionyeshwa kazi ya mwisho ya Marcel Duchamp, aliyeijenga kwa siri kwa muda wa miaka ishirini. Mtu hukuta mlango wa mbao mkongwe wenye matundu mawili. Akichungulia huona ndani umbo la mwanamke uchi, nalo pia uso wake hauonekani. Tofauti ni kuwa pale mtazamaji hujikuta ameinama tunduni, na walio nyuma yake wamwona. Hata katika sanaa yenyewe, basi, swali limegeuka: haliulizwi tena ni nini kilichochorwa, laulizwa ni nani anayechungulia. Na Mei 2024, picha ya Courbet ilipokuwa imeazimwa kwa maonyesho ya Metz, wanawake wawili waliandika juu ya kioo chake, kwa rangi nyekundu, neno MeToo, ambalo limekuwa mwito wa wanawake wanaolalamikia kudhulumiwa miili yao. Hatuisifu njia yao, kwani kuchafua cha watu si hoja. Twataja tu kuwa huko huko Ulaya wako wanaouliza swali hili.

Na yule mwanamke alikuwa nani? Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa Joanna Hiffernan, mwanamke wa Ireland. Mwaka 2018 mtafiti Claude Schopp, katika kusoma barua za Alexandre Dumas mwana, alipata maneno yaliyomwelekeza kwa Constance Quéniaux, aliyekuwa mchezaji wa ngoma katika Opera ya Paris. Ushahidi una nguvu, ingawa si wote walioafiki. Bibi huyu alifariki mwaka 1908, na katika uzee wake alijulikana kwa kusaidia mayatima. Watu walifurahi kuwa uso umerudishiwa mwili wake. Sisi twaona jambo hili ni zito zaidi. Mtu aliyeishi miaka arubaini baada ya picha ile, akajijengea heshima kwa kazi ya mikono yake, je, angalikubali jina lake liandikwe chini ya picha hiyo? Hapo pia hakuna aliyebisha hodi, na hakuna awezaye sasa kubisha. Dhulma ya macho ina jambo hili baya: haikomi kwa kufa kwa aliyedhulumiwa.

Lakini ndugu msomaji, usidhani kuwa maneno haya ni ya Paris peke yake. Wachache kati yetu wataiona picha ya Courbet, wala hawana haja nayo. Ila kila mmoja wetu leo ana mfukoni mwake chumba cha Khalil Bey pamoja na pazia lake. Picha ya mwanamke, iliyopigwa katika arusi ya wanawake mahali alipojua yu salama, au aliyompelekea mtu kwa uaminifu, huhama mkono kwa mkono na simu kwa simu. Anayeipokea huangalia kushoto na kulia, kisha hufungua. Akisikia mlango, huzima. Hujiambia ana haya. Tumekwisha kuonyesha hiyo ni haya gani. Na asemaye kuwa si yeye aliyeipiga, amempelekea mwenzake tu, na akumbuke kuwa Khalil Bey naye hakushika kalamu wala rangi.

Basi jawabu tuwapayo vijana wetu ni hii: ndiyo, jambo laweza kuwa la kweli na kulionyesha kukawa kosa, pale ambapo ukweli huo una mwenyewe, na mwenyewe hakuulizwa. Kipimo si kuwa waonekana ukitazama au huonekani. Kipimo ni kuwa, lau yule unayemtazama angalikuwa na uso mbele yako, ungaliweza kumwambia hodi, na angalikujibu karibu? Usipoweza kulijibu swali hilo, rudi, kama mtu arudivyo mlangoni pasipo na jibu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye adabu, na nyoyo zenye kuwahifadhi watu hata wasipokuwapo. Wabillahi tawfiq.